Ngoma za Célestin Hazikugeuzwa

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo siku mikono yangu ilipokaripiwa mbele za watu.

Tulikuwa vijana wanne wa Lubumbashi, wana wa wafanyakazi wa reli na wa mgodi, tukipiga roki kwa kelele hata mama zetu wakatuombea rozari. Mimi nilishika gitaa la besi. Célestin alipiga ngoma, na alikuwa mashoto, hivyo alizipanga kinyume cha watu wengine: toazi lake kubwa, ile sahani ya shaba, lilikaa upande wake wa kushoto. Kisha homa ikamchukua kwa siku chache tu. Akaacha mke mwenye mimba.

Baada ya maziko, wazee walifanya kama watu wetu wa kaskazini wanavyofanya: mdogo wake, Gaston, alimpyana marehemu, yaani alirithi nafasi yake na jina lake. Tangu hapo tukamwita Célestin. Ngoma nazo zikawa zake.

Lakini Gaston alitumia mkono wa kulia. Basi mimi, kijana mwepesi wa mikono kuliko akili, nikaanza kuzigeuza ngoma zile zimfae. Mzee Kabange, mjomba wao, mstaafu wa reli, alikuwa ameketi mlangoni.

"Weye! Nani alikutuma kugeuza ile mangoma?"

"Tata, Gaston anapikaka na mukono ya kuume."

"Najua. Lakini mwenyewe hayamaliza hata mwezi mu udongo, na weye uko natosha alama yake mu nyumba? Gaston apike vile vile mpaka tutatosha kilio. Kisha mutageuza."

Nilinung'unika moyoni, kwa maana kutosha kilio, yaani kuondoa matanga, huchukua mwaka. Hata hivyo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikarudisha kila kitu mahali pake. Mwaka mzima wa matanga, Gaston alipiga ngoma za kaka yake kwa taabu, akivusha mkono wa kulia hadi kushoto kulitafuta lile toazi. Matanga yalipoondolewa, tukazigeuza. Nikasahau.

Juzijuzi alikuja kwangu Julienne kutoka Ruashi. Ndiye yule mtoto aliyekuwa tumboni, na sasa yeye mwenyewe ana wajukuu. Mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na filamu ya zamani isiyo na sauti, aliyoipiga padri mmoja tukicheza uani. Watu wamekuwa wakitumiana. Jumapili iliyokuwa inakuja, baada ya misa ya kumkumbuka baba yake, ukoo wote ulitaka kuitazama pamoja. Julienne alikuwa na picha moja tu ya baba, ndogo, imefifia. Hakuwahi kumwona akitembea wala akicheka. Aliisimamisha filamu kwenye mpiga ngoma.

"Papa, bantu bote banasema njo yeye. Weye ulikuwaka naye. Njo baba yangu?"

Mwanangu, nilitamani kusema ndiyo. Neno moja tu, na mama huyu angerudi kwake na baba. Nikamwomba kwanza tutazame polepole, kwa maana sura zilikuwa zimefifia na ndugu wale walifanana.

Suruali zilikuwa pana chini, na hakuna aliyevaa tai. Basi ni wakati wa Zaire, tai zilipokatazwa. Nikaona ile ampli yetu, sanduku la kukuza sauti lenye kitambaa kilichoraruka. Célestin mwenyewe alisaidia kulibeba siku lilipofika kutoka Zambia, basi huenda bado alikuwa hai. Nikatazama ngoma: toazi kubwa liko kushoto! Nikahofia labda picha imegeuzwa kama kwenye kioo, nikajitafuta mimi mwenyewe. Gitaa langu lilikuwa upande wake wa kawaida. Julienne aliniona nikitabasamu, naye akaanza kutabasamu.

Kisha mpigaji akainua mkono. Ulikuwa wa kulia, ukavuka hadi kushoto kulitafuta toazi.

Nikajua mwaka. Ulikuwa ule wa matanga, na yule alikuwa Gaston. Watu hawakudanganya waliposema ni Célestin. Ndilo jina tulilomwita. Nilimweleza Julienne yote, kuanzia karipio la Mzee Kabange. Akalia bila sauti, na mimi nikaumia kwa ajili yake.

"Usiangalie muntu," nikamwambia. "Angalia mangoma. Baba yako njo alizipanga. Ile toazi iko pale mukono yake iliiweka, na ndugu yake hakuigeuza mwaka muzima."

Akairudisha filamu mwanzo. Kidole alichotumia kilikuwa cha mkono wa kushoto.

"Nilikuwaka napikwa ku meza ju ya huu mukono," akasema taratibu, akikumbuka alivyochapwa kwa kula kwa kushoto. "Mama mukubwa aliniulizaka, huu umetosha wapi? Mama alikuwa analia tu."

"Mutoto wa nyoka ni nyoka," nikamtania.

Jumapili aliionyesha filamu ile mbele ya ukoo wote. Wajukuu walipopiga kelele kumshangilia mpigaji, aliwaambia huyo ni babu yao mdogo, watazame ngoma.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: ukipewa jambo la zamani, usikimbilie sura na majina. Sura hufanana na jina hurithiwa. Tazama vitu vilivyokaa pembeni, na mikono inavyovigusa. Mtu akikuomba neno tamu, usimpe kabla hujatazama. Ningesema ndiyo, Julienne angeondoka na uso wa baba yake mdogo, na asingejua kamwe mkono wake ulitoka wapi. Na mkubwa akikwambia acha, acha kwanza. Sababu inaweza kuchelewa kuliko maisha yake.

Mungu akupe subira ya kutazama mara ya pili. Na siku utakapoondoka, awepo mtu wa kuacha vitu vyako pale ulipoviweka, hata kwa mwaka mmoja.