Koti la Twidi Lisilo na Mifuko

Juzi mjukuu wangu alilivaa koti la twidi la marehemu baba yangu, akajitazama kwenye kioo, kisha akaanza kuhangaika na vifuniko vya mifuko. "Guka, hii koti ilishonwa vibaya. Simu naweka wapi?" Nilicheka.

Rafiki yangu, halikushonwa vibaya. Lilishonwa hapa Nakuru wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau, na mzee mmoja aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la vitambaa. Baba alitaka koti la kumsimamia mdogo wake harusini. Mama alitaka mume aliye hai. Tuliishi kwenye shamba la mzungu, na askari walitupekua langoni kila tulipopita. Ukikutwa na risasi moja tu, ni kitanzi.

"Fundi, mifuko sitaki. Hata mmoja."

"Mama, koti bila mfuko ni koti gani? Watu watanicheka."

"Wacha wacheke."

Wakaelewana viwekwe vifuniko vya urembo tu. Bado Mama hakumwamini. Siku zile hakumwamini hata mchungaji. Tulipoenda kulichukua alilipindua, akaminya bitana yote kwa vidole, huku baraza ikinuka pasi ya makaa na sufu mbichi. Baba alitazama barabarani kwa aibu.

Tulirudi Baba amelivaa. Langoni, mbele yetu alisimama jirani yetu, mkamuaji wa ng'ombe, na koti lake kuukuu. Nilikuwa mfupi, macho yangu yakilingana na mikono ya watu wazima. Niliona mkono wa askari ukiingia mfukoni mwa jirani ukiwa umefumbwa. Ulipotoka ulifunguka, na risasi ilikuwa kiganjani. Jirani alichukuliwa, wala hakurudi tena.

Askari alipomfikia Baba, mkono ulikuwa umefumbwa tena. Aliinua kifuniko cha kulia, akakuta kitambaa. Cha kushoto, kitambaa. Akamtukana Baba, akatuacha tupite. Nyumbani Mama alibandika githeri motoni, akakaa chini akalia.

Uhuru ulipokuja fundi alijitolea kulitia mifuko, Mama akakataa, nami nikamwona mtu wa wasiwasi wa bure. Sasa wote wamekwenda, na kwenye baraza ile wanauza simu. Koti jipya la dukani huja na mifuko iliyofungwa kwa uzi mwembamba, ili mnunuzi aukate mwenyewe. Mimi sijawahi kuukata.