Mguu wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na gauni la bibi harusi la kukabidhi kesho yake, na tangu asubuhi roho ilikuwa juu juu. Alishona mkono mmoja kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Binti yake alipoona hivyo, akaifunika cherehani, akatandika mkeka wake wa yoga sakafuni, akamlaza mama chali. Mtu mzima kulazwa mchana kweupe, kazi inamsubiri!

“Vuta pumzi taratibu, mama. Itoe. Haya, pumzika.”

“Si nimeshalala? Nifanye nini tena?”

“Usifanye kitu.”

“Sasa hicho nakifanyaje?”

Binti akacheka, lakini mama hakuwa anatania. Aliikodolea macho dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa, juu chini, juu chini, kama uko kwenye pedeli. Binti akaushika; ukatulia kidogo, ukaanza tena. Akauacha. Pumzi kwa pumzi ukapunguza mwendo, mpaka ukasimama wenyewe.

Mama akakurupuka. Akaitazama mashine iliyofunikwa, akamtazama binti.

“Mbona cherehani imenyamaza?”