Saa Mbili Hadi Bungu

Kiwanda ninachofanyia kazi kinatengeneza jamu, na kazi yangu humo ni ramani. Watu wakisikia hivyo hudhani nachora. Sichori. Naangalia mitambo yetu, maghala yetu na vituo vyetu vya kupokelea matunda vimekaaje nchi nzima: wapi vimebanana, wapi kuna pengo, gari gani linazunguka bure. Kiwanda kiko Dar es Salaam, kuna mtambo mdogo Iringa na ghala Moshi, na vituo vimetapakaa kila penye mlima na baridi. Nikivitazama kwenye skrini, kila kimoja ni kidoti chekundu. Nilivipenda vile vidoti, sitaki kudanganya. Vilinifanya nijione naijua nchi.

Mwaka juzi mkuu wa idara alinitaka nipendekeze vituo vya kufunga. Alisema huko Usambara tuna viwili juu ya milima ileile, na kimoja lazima kiondoke. Vituo vyenyewe ni Lukozi na Bungu. Lukozi ndiko kwetu. Msimamizi wa kituo ni mjomba wangu, mdogo wake mama, na mama mwenyewe anauza pichi zake pale kila msimu. Pichi hizo ndizo zilizonisomesha.

Mtu mwenye akili angesema, bosi, hapo ni nyumbani, mpe mwenzangu. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka nionekane sipendelei kwetu, na ugonjwa huo ulinipanda kichwani vibaya.

Kompyuta ilinipimia mstari kutoka Lukozi hadi Bungu, na mstari ulikuwa mfupi. Hata hivyo, kwa kujifanya makini, nikatafuta fomu walizojaza wasimamizi wenyewe. Kulikuwa na swali: gari likitoka kituoni kwako kwenda kituo jirani, saa ngapi? Kwenye fomu ya Lukozi mjomba alikuwa amejibu kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: saa mbili. Nikafurahi. Saa mbili kwa barabara ya mlimani ni kitu gani? Bungu kuna ghala kubwa zaidi, kwa hiyo nikaandika kwamba Lukozi kifungwe na wakulima wapeleke matunda Bungu. Mkuu alinisifu mbele ya kikao kizima. Alisema huyu dada amefuta hata kwao, huo ndio uadilifu. Nikatoka pale kifua mbele.

Najua mtu atauliza: wewe mzaliwa wa huko, njia hukuijua? Sikuijua. Mtu wa Lukozi aende Bungu kufanya nini? Anakwenda Lushoto sokoni au ofisi za wilaya, akizidisha sana anashuka Mombo kupanda basi. Bungu tuliisikia tu, iko Korogwe, nao ni watu wa milimani kama sisi. Nilidhani aliye juu anamfikia mwenzake aliye juu bila kushuka.

Barua ya kufunga kituo ilitoka makao makuu bila jina langu, na nyumbani sikuwaambia kitu. Wiki ya tatu baada ya hapo nikachukua likizo, nikaenda. Ulikuwa msimu wa pichi.

Harufu niliikuta kabla sijaiona nyumba. Harufu tamu, nzito, ya tunda lililopitiliza kuiva. Uani kulikuwa na matenga yamepangwa hadi ukutani, majimaji yanachuruzika chini, na nguruwe wa mama wamelala wameshiba, hawataki tena. Nilisimama na begi mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua zilizobaki nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita pembeni, utateleza."

Mjomba alikuja alipoambiwa nimefika. Nilimwamkia, akaketi juu ya tenga tupu, akaanza kunieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. "Walisema tupeleke Bungu. Wiki ya kwanza tukakodi gari. Tumeshuka Lushoto, tumeshuka mpaka Mombo, tumefuata lami hadi Korogwe, ndipo tunaanza kupanda upya! Mvua ikatukuta hukohuko, gari likakwama. Tumefika kesho yake, pichi zimekuwa uji. Wakatukatalia. Huyo aliyeandika hivi hajawahi kukanyaga huku."

Nikajitetea kabla sijafikiri. "Lakini mjomba, si wewe uliandika saa mbili?"

"Ndiyo, saa mbili," alisema, tena kwa fahari. "Gari la kiwanda lilikuwa likipakia hapa alasiri, dereva analala Korogwe, asubuhi saa mbili kamili yuko Bungu. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja."

Asubuhi saa mbili. Mjomba aliulizwa saa ngapi, akajibu saa ambayo gari hufika, kama ambavyo mtu yeyote wa nchi hii angejibu. Mimi nimezaliwa ndani ya maneno hayo, nimeyasema kila siku ya maisha yangu, halafu nimeyasoma kama mtu aliyejifunza Kiswahili jana kwa kukariri.

Mjomba naye akazinduka. "Ngoja. Wewe fomu yangu umeionea wapi?"

"Ni mimi mjomba. Mimi ndiye niliyeandika kituo kifungwe."

Akacheka. Mimi na yeye tumezoea kutaniana, akadhani ni utani. Alipoona sicheki, akaanza kuchomoachomoa vijiti vya lile tenga alilokalia. Mwisho akasema, "Basi wapigie. Waambie umekosea."

Nikampigia mkuu palepale uani, wote wawili wakinisikiliza. Nilimweleza kila kitu. Alisema pole sana, kosa limeonekana, lakini magari ya msimu huu yamekwisha kupangiwa njia, tutaliangalia msimu ujao. Nikamfokea kwamba pichi zinaoza leo. Akaniambia nipumzike, niko likizo.

Nilirudisha simu mfukoni. Mjomba aliaga akaondoka bila kunitazama. Mama alimaliza tunda lililokuwa mkononi, akaliweka upande wa nguruwe, ndipo akaniuliza.

"Ulipokuwa unaandika, ulijua kwamba hiyo Lukozi ni sisi?"

Ningeweza kudanganya. Kosa la saa lingetosha kunificha, na nadhani yeye mwenyewe alitaka nijifiche hapo.

"Nilijua, mama."

"Ukatutoa."

"Sikutaka waseme napendelea kwetu."

Alitikisa kichwa polepole. "Kila Jumapili unanipigia simu. Unaniuliza mvua, unaniuliza mgongo wangu. Hili nalo ungeniuliza."

Ukiondoa ile shikamoo, tangu nifike tulikuwa tunaongea Kishambaa, kama ilivyo siku zote kati yangu na yeye. Kiswahili mama anacho, lakini ni cha bwana shamba, cha wanunuzi, cha watu wanaokuja na karatasi. Alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akanitazama kwa adabu kabisa, na akasema kwa Kiswahili:

"Karibu ndani. Chai iko tayari."