Nilipojifunza Kusema Nab

Shule niliishia darasa la tano, na sikuiacha mwenyewe. Baba mdogo alinishika mkono nikitoka kisimani na ndoo yangu, dereva wa lori akaniinua akanitupa ndani, na mama mzazi alisimama mlangoni akatazama. Nikashushwa Nakapanya, kwa mfanyabiashara aliyelingana umri na baba yangu. Mpaka leo ndugu wanasema "aliolewa". Wanalisema vizuri kabisa, utadhani kulikuwa na harusi.

Nilirudi Songea na binti mmoja. Sasa yuko kidato cha pili. Juzi juzi baba mdogo akatuma salamu kwamba Jumapili, misa ikiisha, anakuja na habari za mchumba wa binti.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikuwa nachambua maharage, binti anasoma Kiingereza kwa sauti.

"Hilo ulilotamka ni nini?"

"Nab, mama. Ni kumdaka mtu, kumnyakua ghafla. Ni la mtaani tu, siyo la kuandika kwenye mtihani."

"Mtu kabisa?"

"Mtu, eeh."

Maharage nikayaacha. Neno fupi vile, unalitema kama kapi la muwa, na ndani yake nimo mimi mzima na ndoo yangu! Nikamwambia alirudie. Akacheka: "Mama, unahamia Ulaya?" Lakini alinifundisha hadi likakaa mdomoni.

Jumapili baba mdogo akaja. Mzee huyu alikuwa karani, na kwenye vikao vya ukoo akibanwa hukimbilia Kiingereza, sote tunanyamaza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akapokea chai. "Binti amekua huyu. Hata wewe uliolewa mapema, na mbona uko salama?"

"Sikuolewa, baba. Ulininab."

"Umesemaje?"

"Ulininab. Wewe na dereva wako. Kiingereza unakijua kutuzidi."

Akakitua kikombe chini. Akamgeukia binti.

"Haya ndiyo mnayofundishwa?"

"Ndiyo, babu."

Akachukua kofia yake. Mlangoni akasema yule mchumba atamwambia asije. Msamaha hakuomba, nami sikuungojea. Nilibaki kwenye kigoda nikishangaa: mtu niliyemwogopa tangu utoto anatoka kwangu kwa miguu yake, na binti yangu yumo ndani.