Nilimcheka Mama Tusa Alipoingia Kwenye Kamba

Sauti ambayo haijaniacha tangu muhula uliopita ni ya kicheko, na kicheko chenyewe ni changu.

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi kwenye kijiji kimoja huku milimani, juu ya jiji la Mbeya. Kwetu ni Iringa, jirani na Tosamaganga. Sina mume wala mtoto. Ni mtu wa kukaa ndani na vitabu vyangu, na kuzoeana na watu hunichukua muda mrefu. Nilipopangiwa kazi huku sikumjua hata mtu mmoja.

Aliyenipokea ni mwalimu mwenzangu, nitamwita Mama Tusa, Mnyakyusa aliyekaribia kustaafu, mnene, mwenye magoti yanayomsumbua. Siku yangu ya kwanza ofisini alipaza sauti, "Jamani, fungieni mbwa wenu, Mhehe kafika!" Ofisi nzima ilicheka utani ule kwamba Wahehe tunakula mbwa, nami nikacheka, maana wakati huohuo alikuwa ananiwekea mkononi andazi la moto. Tangu siku hiyo akawa ananiita mwanangu. Jumapili baada ya kanisa nilikula kwake. Nilipougua homa, alikaa pembeni ya kitanda changu mpaka nikamaliza uji.

Mama Tusa alikuwa anauza maandazi shuleni wakati wa mapumziko, kwenye ndoo nyeupe. Mwalimu mkuu aliponikabidhi afya na michezo, nilikuta watoto wanafyonza barafu za rangi na kujibanza ukutani kwa baridi mpaka kengele ilie. Nikataka wakimbie. Nikataka wale vinavyotoka mashambani kwao, kwa sababu huku maparachichi yanaoza chini ya miti wakati mtoto anashinda na barafu. Nikanunua kamba ndefu sokoni Mwanjelwa, nikatunga wimbo wa kurukia: "Parachichi, ruka! Kiazi, ruka! Maharage, ruka! Andazi, kaa chini!" Neno andazi likikukuta ndani ya kamba, unatoka, unakaa chini.

Kamba inahitaji watu wawili wa kuizungusha. Ncha moja nilishika mimi, ya pili alishika Mama Tusa. Sikuwaza kwamba naimba dhidi ya ndoo yake. Yeye alinigeuzia utani, "Haya, andazi likae chini, lakini lisikae mbali na ndoo yangu!" Wiki chache baadaye akaanza kuleta viazi vitamu vya kuchemsha pamoja na maandazi, bila mimi kumwomba. Hata kwa hilo sikumshukuru.

Siku moja alimpa mtoto wa darasa la sita ncha yake, akavua viatu. "Mwanangu, daktari ananisema kila nikienda kliniki. Leo na mimi naruka." Akakusanya kitenge, akaingia. Aliruka parachichi. Aliruka kiazi. Watoto walikuwa wanapiga makofi, na yeye alikuwa anatabasamu kama binti. Kwenye maharage, mtoto mmoja akapachika mstari wake: "Mama Tusa, kamba imekatika!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kamba ikiwa bado mkononi mwangu.

Alisimama. Kamba ikamgonga miguuni ikaanguka. Nikakimbilia kusema, "Mama, usiwasikilize hawa." Alikuwa anavaa viatu, akanijibu polepole, "Wao ni watoto, mwalimu."

Mwalimu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Hakuninunia. Laiti angeninunia. Nikimwamkia ananijibu, "Marahaba, mwalimu." Nilimfuata kwake mara mbili kuomba msamaha, akanikaribisha sebuleni, akanipa soda kama anavyompa mgeni, akasema yameisha. Ndoo hakuileta tena shuleni. Mimi narudi nyumbani, nachemsha viazi viwili, nakula kimoja. Ukungu ukishuka saa kumi na moja, nasikia majirani wakiitana kwa Kisafwa, lugha ya huku, nami sina wa kumwita.

Kinachoniumiza zaidi ni sifa. Wazazi wananisimamisha njiani: "Madamu, mtoto siku hizi anadai parachichi!" Mwalimu mkuu alinisifia mbele ya walimu wote, na Mama Tusa akapiga makofi pamoja nao. Kamba iliendelea kuzunguka kila siku. Ncha ya pili nilikuwa nimeifunga kwenye mlingoti wa goli.

Mama yangu Iringa aliponisikiliza kwenye simu alisema, "Mwanangu, omba uhamisho, rudi." Nikaandika barua, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu. Kisha nikakaa siku tatu nikijiuliza nitaondoka na nini, zaidi ya kile kicheko.

Ninyi mliowahi kuchekwa na mtu mliyempenda, niambieni ilichukua muda gani mpaka mkamsamehe. Hilo ndilo ninaloomba kwenu. La nini nifanye, nimeshalifanya.

Ijumaa iliyopita asubuhi nilichukua barua yangu kabla haijatumwa. Mstarini niliomba nafasi, walimu wote wakiwa nyuma yangu. Nikawaambia watoto: "Wimbo wa kamba niliutunga mimi, na niliukosea. Hakuna mtu wa kukalishwa chini kwa sababu ya anachokula au anavyoonekana. Siku Mama Tusa aliporuka, alikuwa jasiri kuliko sisi wote, na mimi niliyepaswa kuwakanya, nilicheka."  Sikugeuka kumtazama.

Mapumziko yalipofika nilifungua kamba kwenye mlingoti. Nikashika ncha yangu, ile nyingine nikailaza kwenye majani, upande aliokuwa anasimama. Mtoto mmoja akaniuliza, "Madamu, niishike mimi?"

Nikamwambia, "Kimbizaneni kwanza. Hiyo ina mwenyewe."

Nilisimama hapo mpaka kengele ikalia. Jumatatu nilisimama tena.