Fidia ya Mahari

Sisi Wagusii herufi l hututeleza mdomoni ikawa r. Mama yangu, mkulima wa chai huko Ikonge, alikuwa bingwa wa kuteleza. Siku moja alipeleka akiba yake benki mjini Kisii, akamwambia karani, "Weka pesa hii mahari pazuri. Ni ya mtoto, mpaka akuwe tayari."

Karani alitoka Pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno. Akasikia mahari. Akaona mama anamwekea kijana wake akiba ya kuolea, basi akazifunga zile pesa kwa miaka mingi, zizae taratibu. Mama hakujua kusoma. Akatia dole gumba, akashukuru, akarudi kuchuma chai.

Nilipopata nafasi ya kidato cha kwanza tulienda kuchukua karo. Tukaambiwa pesa haziguswi. Shule ilikuwa ikifunguliwa Jumatatu, na nafasi isiyolipiwa hupewa mwingine. Mama hakulia. Alikaa kitako mbele ya meneja, akasema benki imekosea na anataka fidia. Meneja, bwana mpole, akamwonyesha karatasi: akiba ya mahari, na dole ni lake.

Mama akaomba asomewe tena. Akasomewa. Akacheka hadi kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Mwanangu," akamwambia meneja, "mimi nimezaa wasichana tupu. Mahari mimi ndiyo naretewa. Nitamripia nani?"

Karani aliitwa, akamwomba mama atamke neno mahali. Mama akalitamka kwa bidii yake yote, na likatoka mahari. Karani ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha akaomba radhi kwa heshima zote. Mimi niliona haya na furaha kwa pamoja.

Pesa zilifunguliwa papo hapo. Mama hakuinuka mpaka alipolipwa na faida, na nauli yetu ya kwenda na kurudi juu yake.

Nje, alinikabidhi furushi lote la pesa. Nilishtuka, maana nyumbani hata senti ya chumvi alifunga mwenyewe kwenye pindo la leso.

"Shika," akasema. "Ng'ombe za mahari, ndoa ikivunjika zinarudi kwa wenyewe. Masomo hairudi."