Jasho la Shemeji

Dobi yule alikuwa mwanamke wa maneno machache. Shemeji yake, kaka wa mumewe, alikuwa kinyume chake: fundi wa mabati, mtu wa mizaha asiyefunga mdomo hata akiwa juu ya paa.

Wiki ile jua lilikuwa halishikiki. Mbwa walijikunyata chini ya magari, na nguo zilikauka kambani kabla dobi hajamaliza kuanika.

Mchana mmoja fundi alishuka kutoka paa la ghala la jirani, akaingia uani akiyumba.

"Shemeji," akasema, "hawa farasi nani kawaingiza humu?"

Uani hapakuwa na farasi hata mmoja. Dobi akacheka, alishaizoea mizaha yake. Lakini fundi hakucheka, na paji lake la uso lilikuwa kavu kabisa, bila tone la jasho katika joto lile. Dobi akamgusa shingo, akarudisha mkono haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Hapo hapo fundi akaporomoka.

"Baba watoto! Njoo upesi!"

Yeye na mumewe wakamburuta mpaka kivulini, wakamvua buti na shati. Mume akaja na kikombe amnyweshe.

"Acha! Hajitambui, atapaliwa. Wewe katafute gari!"

Dobi akachomoa mashuka ya wateja kwenye beseni la kusuuzia, akamfunika nayo yakichuruzika. Akawa anammwagia maji na kumpepea kwa sinia, anamwagia na kupepea, mabega yakimuuma. Fundi alikuwa kimya, naye hakuwahi kumwona kimya hivyo.

Kisha juu ya mdomo wa fundi akaona tone. Akadhani ni maji ya shuka, akalifuta. Likarudi. Likatokea lingine kwenye paji, halafu mengine, madogo kama vichwa vya pini, yakichipuka yenyewe kutoka ndani. Dobi, aliyetumia maisha yake kuondoa jasho la watu kwenye kola, alilitazama lile likirudi lenyewe kuupoza mwili, sinia likasimama mkononi.

"Shemeji," fundi akanong'ona, "unanilowesha."

Gari lilipofika, dobi aliendelea kumpepea njia nzima. Hospitalini daktari alisema kupozwa mapema ndiko kulikomwokoa. Siku hizi fundi hupanda paa alfajiri, na jua likikolea hushuka akakaa kivulini na dumu lake la maji.

Lakini jioni ya siku ile alipoanguka, wakitoka hospitalini, mume alimwona mkewe amezama katika mawazo.

"Unawaza nini?"

"Kumbe hata jasho ninalolifua kila siku lina kazi yake. Tumeumbwa, baba watoto," akasema taratibu. "Tumeumbwa kweli."